Dawa za Maruweruwe na Umaizi wa Kibudha: Namna ya Kuyapima Uliyoyaona

Mwongozo huu unawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye tayari ametumia dawa ya maruweruwe, iwe uyoga wenye silosibini, LSD au kinywaji cha ayawaska, akaona mambo yaliyomtikisa, na sasa anajiuliza kama aliyoyaona yana uhusiano wowote na umaizi unaozungumzwa katika mafundisho ya Budha. Wa pili ni yule aliyezoea kuketi katika taamuli, ambaye amesikia watu wakisema kwamba dawa hizo huonyesha kwa saa chache yale ambayo watawa huyatafuta kwa miaka mingi, na ameanza kushawishika. Wa kwanza nitamwonyesha namna ya kuyapitia aliyoyaona ili yamfae. Wa pili nitamweleza kwa nini ninamshauri asitumie, bila kumdanganya kwamba hakuna lolote la maana linalomtokea mtu anapozitumia.

Nililazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mpwa wangu. Anasoma Uholanzi, nchi ambayo ilipiga marufuku uyoga wa maruweruwe mwaka 2008 lakini ikaviacha vifundo vya uyoga huo vinavyoota ardhini viendelee kuuzwa madukani. Alipokuja likizo alinikuta barazani, akaniamkia, akaketi, na kabla chai haijamiminwa akaniambia, “Mjomba, nimeona kwamba mimi sipo.” Aliyasema hayo kwa unyenyekevu wa kweli, na sauti ilimkwama kidogo. Jioni ileile nilimsikia akimfokea mdogo wake kwa sababu ya chaja ya simu, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Sikuona kwamba alikuwa amenidanganya. Niliona kwamba lile la barazani na lile la jioni yalikuwa hayajakutana, na kwamba kazi ya kuyakutanisha ilikuwa haijaanza. Kwa wiki tatu tulikaa pamoja kila siku baada ya alasiri, tukiwa na daftari moja na kalamu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu imetoka katika vikao vile.

Tafakuri yenye hekima maana yake nini

Neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, ni yoniso manasikara. Manasikara ni kukiweka kitu akilini na kukielekezea fikira. Yoni ni tumbo la uzazi, mahali kitu kinapozaliwa, na kwa hiyo yoniso ni kwa kulifuata chimbuko. Mtu anayetafakari kwa namna hii haridhiki na sura ya jambo lililomjia, bali huuliza limezaliwa na nini, linalisha nini ndani yake, na litaondoka kwa njia gani. Mtu anaweza kuwaza kwa kina sana, hata akakosa usingizi, na bado asiwe ametafakari hivyo hata kidogo.

Katika Sabbasava Sutta (sutta ni hotuba ya mafundisho), Budha anawaeleza watawa tofauti iliyopo kati ya kutafakari kwa hekima na kutafakari bila hekima, na mifano anayoitoa ya aina ya pili inashangaza. Mtu asiye na hekima, anasema, hukaa akijiuliza: je, zamani nilikuwapo? Je, nitakuwapo baadaye? Je, mimi nipo? Je, mimi sipo? Nimetoka wapi na ninakwenda wapi? Kwa kuwaza hivyo humzukia moja kati ya maoni sita, ambayo Budha anayaita msitu wa maoni na jangwa la maoni. La kwanza kati ya hayo sita ni “ninayo nafsi”. La pili ni “sina nafsi”. Nilipomsomea mpwa wangu sehemu hii alinyamaza kwa muda mrefu, kwa kuwa lile alilokuja nalo kutoka Uholanzi kama johari lilikuwa limeorodheshwa pale pamoja na kinyume chake, yote mawili yakiwa matunda ya kuwaza pasipo hekima. Mwenye hekima, kwa maelezo ya mafundisho hayohayo, huangalia mambo manne tu: hii ndiyo dhiki, hili ndilo chimbuko la dhiki, huku ndiko kukoma kwa dhiki, na hii ndiyo njia ya kuelekea kukoma huko.

Kipo kisa kingine ninachokiona kuwa kiini cha suala zima. Katika Devaduta Sutta, mtu aliyeishi vibaya anapelekwa baada ya kufa mbele ya Yama, mfalme wa wafu, naye anaulizwa kama hakuwahi kumwona mzee aliyepinda mgongo akitembelea mkongojo, au mgonjwa anayegaagaa katika uchafu wake mwenyewe, au maiti iliyovimba. Anajibu kwamba aliwaona. Anaulizwa kama hakuwahi kujiambia kwamba hata yeye yatamfika hayo, na kwamba ni bora atende mema. Anajibu: “Sikuweza, bwana. Nilighafilika.” Aliona kama wengine walivyoona, na macho yake yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni lile tendo la kukiweka akilini alichokiona na kukifuata mpaka kwenye maana yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la iwapo dawa za maruweruwe zinaweza kuusaidia umaizi wa Kibudha ni kwamba zinaweza kumpa mtu tukio la kutafakari, kama vile ugonjwa au msiba unavyoweza kumpa, lakini kutafakari kwenyewe ni kazi inayofanywa na akili isiyolewa, tena mara nyingi siku nyingi baadaye. Na kama ambavyo hakuna anayejitafutia msiba ili apate hekima, sioni sababu ya kuitafuta dawa kwa ajili hiyo.

Kwa anayefikiria kutumia

Anza na kanuni ya tano, kwa kuwa kila Mbudha wa kawaida aliyezichukua kanuni tano za mwenendo ameitamka kwa kinywa chake: ninajifunza kujiepusha na vileo na vilevi ambavyo ni msingi wa kughafilika. Vileo vinavyotajwa kwa jina ni vya kuchachusha, na wapo Wabudha, hasa Marekani na Ulaya, wanaosema kwamba uyoga haumo, kwa sababu haumpumbazi mtu kama pombe na huenda ukamzindua. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Walimu kadhaa wa Kibudha wa Marekani wamekiri waziwazi kwamba dawa hizi ndizo zilizowafikisha kwenye mlango wa mafundisho katika miaka ya 1960. Hata hivyo neno la msingi katika kanuni ile ni pamada, kughafilika, neno lilelile ambalo yule mtu aliyekufa alimjibu nalo Yama, na mtu anayejiuliza kama dawa fulani imekatazwa afadhali ajiulize kwanza kama, akiwa ameimeza, ataweza kuilinda akili yake.

Visa vya nidhamu ya watawa vinasimulia habari za mtawa Sagata, aliyemtuliza joka mkali kwa nguvu za taamuli yake. Wakazi wa Kosambi, kwa kutaka kumshukuru, waliandaa pombe katika kila nyumba, naye akanywa nyumba hadi nyumba mpaka akaanguka langoni mwa mji. Budha aliwauliza watawa kama Sagata, katika hali ile, angeweza kumshinda hata nyoka mdogo wa majini. Hapo ndipo ilipowekwa kanuni ya kuwakataza watawa pombe. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba uwezo wa Sagata ulikuwa wa kweli, na bado haukumfaa kitu alipolala pale langoni.

Kipimo kinachonisaidia zaidi kuliko hoja zote za nini kimetajwa na nini hakikutajwa ni kile alichopewa Rahula, mwana wa Budha, alipokuwa bado mtoto. Baba yake alimuuliza kioo ni cha nini. Rahula akajibu kwamba ni cha kujitazamia. Vivyo hivyo, akaambiwa, kila tendo la mwili, la ulimi na la moyo litazamwe mara tatu: kabla ya kulitenda, wakati wa kulitenda, na baada ya kulitenda, na ukiona katikati ya tendo kwamba linakudhuru wewe au mwingine, liache palepale. Sasa tazama dawa hizi. Athari za LSD hudumu saa 8 hadi 12, na za silosibini saa 4 hadi 6. Mtu aliyekwisha kumeza hana namna ya kuacha katikati. Kioo cha pili, kile cha kujitazamia wakati wa kutenda, amejinyang'anya mwenyewe, na ndicho ambacho mafunzo yote ya uzingativu yanakusudia kukisafisha.

Upande wa sheria hauhitaji maelezo marefu. Silosibini, LSD na DMT (kiini cha maruweruwe kilicho ndani ya ayawaska) zimo katika jedwali la kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994. Mahali palipofunguliwa mlango ni pachache na kwa masharti: Australia, tangu Julai 2023, madaktari wa akili walioidhinishwa wanaweza kuagiza silosibini kwa mgonjwa wa sonona aliyeshindwa kupona kwa tiba nyingine. Hiyo ni tiba ya ugonjwa, na mtu asiichanganye na taamuli.

Upande wa afya ni mzito zaidi, na ninamwomba msomaji asiupitie haraka. Mtu ambaye yeye mwenyewe au ndugu yake wa damu amewahi kupatwa na saikosisi (akili kupoteza mshiko wa uhalisia) au baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) asizikaribie dawa hizi kabisa. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutibu baipola, anaweza kuanguka kifafa. Ayawaska ikikutana mwilini na dawa nyingi za sonona inaweza kuua. Iboga, mzizi unaotumiwa katika ibada za Bwiti huko Gabon, huvuruga mapigo ya moyo, na watu wamekufa kwa hilo. Wala usithubutu kuchuma uyoga wa porini kwa kuufananisha na picha, kwa kuwa ipo aina inayofanana na mingine na inayoharibu ini kabla mtu hajajua kwamba amekula sumu.

Utafiti unasema nini, na haupimi nini

Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa dogo la Marsh la Chuo Kikuu cha Boston, akawapa nusu yao silosibini, na wengi wa hao wakaeleza mambo yanayofanana sana na yale ya mawalii wa dini mbalimbali. Mwaka 2006 Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitangaza matokeo ya watu 36 waliopewa silosibini kwa uangalizi mkubwa. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, takribani theluthi mbili yao bado waliliweka tukio lile miongoni mwa matukio matano yenye maana kubwa zaidi ya kiroho maishani mwao. Katika watu haohao, karibu theluthi moja walipatwa na hofu kali, na kumbuka kwamba hao walikuwa watu waliochaguliwa kwa uangalifu na walioketi na wasimamizi chumbani.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Zürich, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2019. Watu 39 waliozoea taamuli waliingia katika mapumziko ya siku tano ya kuketi kimya, na siku ya nne wakapewa ama silosibini ama kidonge kisicho na kitu. Waliopewa silosibini walizama zaidi katika taamuli, na miezi minne baadaye walieleza kwamba mwenendo wao na uhusiano wao na watu ulikuwa umebadilika kwa wema kuliko wenzao. Matokeo hayo nayaheshimu. Lakini hao walikuwa na mazoea ya miaka kabla ya dawa, na walikuwa na siku tatu za ukimya kabla ya dawa. Shamba lilikuwa limeshalimwa. Tena, tafiti hizi hupima hasa uzito ambao mtu analipa tukio lake na mabadiliko ambayo anayaeleza yeye au watu wake wa karibu, ilhali kipimo cha Budha ni kama tamaa, chuki na upumbavu vimepungua. Tukio linaweza kuwa kubwa kuliko yote maishani mwa mtu na tamaa yake ibaki vilevile.

Kuyapitia uliyoyaona

Jambo la kwanza la kufanya ni kusubiri. Kwa siku kadhaa baada ya tukio usiamue jambo lolote kubwa, wala usitangaze chochote. Usiache kazi, usivunje uchumba, usigawe mali, usiwaambie wazazi kwamba umepata ukweli walioukosa. Lala, kula, fua nguo zako. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa siku mfululizo, au unasikia sauti, au maruweruwe yanarudi wakati dawa ilishaisha, mambo ya umaizi yaweke kando na uende hospitali ukamweleze daktari bila kuficha ulichotumia.

Ukishatulia, chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa, na upande wa kushoto uandike kilichotokea, upande wa kulia uandike ulichosema juu yake. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo lililotuchukulia siku nyingi kuliko yote. Mzee Mahakaccana, mmoja wa wanafunzi wakuu wa Budha, alieleza kwamba jicho na umbo vikikutana huzuka ufahamu, na kukutana kwa hivyo vitatu ni mguso; mguso huleta hisia; anachokihisi mtu hukitambua, anachokitambua hukiwaza, na anachokiwaza hukizidisha, hata kile alichokizidisha kikageuka na kumzingira yeye mwenyewe. Daftari linakurudisha nyuma kwenye mnyororo huo, kutoka mahali ulipozidisha mpaka mahali ulipoguswa.

Mpwa wangu, siku ya kwanza, aliandika upande wa kushoto: “Niliungana na kila kitu.” Nilimuuliza aliona nini na mwili ulihisi nini. Ilimchukua robo saa kujibu, akifuta na kuandika tena. Mwishowe upande wa kushoto ulisomeka hivi: “Nilikuwa nimelala juu ya zulia. Sikuuhisi mpaka kati ya mkono wangu na zulia. Kifua kilikuwa chepesi. Machozi yalitoka. Likaja wazo kwamba sisi sote ni kimoja.” Ile sentensi ya mwanzo aliihamishia kulia yeye mwenyewe, bila mimi kumwambia, na nilimwona akiitazama kwa namna mtu anavyoitazama nguo aliyoivaa siku zote kisha akaiona imetundikwa ukutani. Katika siku zilizofuata mengi yalihama hivyo. Kulia kulijaa, kushoto kukabaki mistari michache iliyo wazi na ya kweli, na kila mmoja wa mistari hiyo ulikuwa na thamani.

Hatua inayofuata ni ya chimbuko, na ndipo ninapoamini kwamba tukio la dawa linaweza kuisaidia tafakuri kwa dhati. Andika saa uliyomeza, saa mambo yalipoanza na saa yalipokwisha. Kwa mpwa wangu ilikuwa saa nane mchana, saa tisa kasorobo, na karibu saa mbili usiku, alipojikuta anatafuta chakula. Silosibini ikifika mwilini hugeuka kuwa silosini, nayo hujishika kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali ya mawasiliano, katika ubongo, na inapotoka, mambo hurudi yalivyokuwa. Budha alieleza kanuni ya kutegemeana kwa maneno machache: hili likiwapo, lile huwapo, hili likizuka, lile huzuka, hili likikosekana, lile hukosekana, hili likikoma, lile hukoma. Basi ule umoja na kila kitu ulikuwapo kwa sababu ya kitu fulani, na kitu hicho kilipoondoka, nao ukaondoka. Ni jambo lililozuka kwa masharti, sawa na njaa au usingizi.

Usiishie hapo, kwa sababu wembe huu unakata pande zote mbili. Ikiwa kitu kidogo kilichomezwa kinaweza kuuondoa mpaka kati ya mkono na zulia, basi hata huo mpaka tunaouishi kila siku umejengwa kwa masharti, nao hauna uthabiti tunaoupa. Mtu aliyelewa huona kwamba umoja ndio ukweli na mpaka ndio udanganyifu. Asiyelewa huona kinyume chake. Tafakuri yenye hekima haimchagulii mtu kati ya hayo mawili, bali humwonyesha kwamba yote mawili ni mitambuo iliyozuka kwa sababu zake, na kwamba kuing'ang'ania wowote kati yake ndiko kunakoleta dhiki. Nilipomweleza hivi mpwa wangu alisema, “Kwa hiyo, mjomba, nilichoona si cha uongo, ila si changu.” Sikuwa na la kuongeza.

Kisha lipitishe tukio katika maswali ambayo Budha aliwauliza watawa watano kwenye bustani ya swala kule Isipatana, karibu na Varanasi. Hisia ile inadumu au haidumu? Haidumu. Kisichodumu ni raha au ni dhiki? Ni dhiki. Je, kitu kisichodumu, chenye dhiki, chenye kubadilika, kinafaa kutazamwa hivi: hiki ni changu, hiki ndicho mimi, hii ndiyo nafsi yangu? Watawa walijibu kwamba hakifai. Uliza maswali hayo juu ya umbo, hisia, utambuzi, mielekeo ya moyo na ufahamu, kimoja baada ya kingine, kwa yale yaliyo upande wa kushoto wa daftari. Halafu uyaulize kwa lile lililobaki leo, yaani fahari ya kuwa miongoni mwa walioona. Lugha yetu inalionyesha jambo hili kwa uwazi: katika maneno “nimeona kwamba mimi sipo”, huyo anayesema hayupo ametangulia mwanzoni mwa sentensi, ndani ya kiambishi cha kwanza kabisa cha kitenzi, akiwa ndiye mwenye kuona. Fundisho la anatta, yaani la kutokuwapo nafsi ya kudumu, linamhusu huyo, na linamtaka achunguzwe pale anaposhika na kudai, kwenye chaja ya simu kama kwenye zulia la Uholanzi.

Walioona vitisho wafuate njia hiyohiyo, ila kwa vipande vidogo na kamwe wasiwe peke yao. Mistari miwili kwa siku inatosha, kisha funga daftari uende ukapate hewa.

Baada ya hayo, rudi kwenye kioo cha Rahula, sasa kwa matendo ya siku za kawaida. Kila usiku andika tendo moja, neno moja na wazo moja lililomdhuru mtu, na chimbuko lake. Waislamu miongoni mwetu wanaijua desturi ya muhasaba, ya mtu kujihesabu kabla ya kulala, na hawataiona ngeni. Mpwa wangu aliandika: “Nilimkatiza bibi alipokuwa akieleza habari za shamba. Nilitaka aone kwamba ninajua.” Na siku nyingine: “Chaja. Sikuwa na shida nayo. Nilikasirika kwa sababu aliichukua bila kuniomba, kana kwamba mimi si mtu.” Hiyo sentensi ya mwisho, kwa maoni yangu, ina umaizi mwingi kuliko yote aliyoyaleta kutoka safarini, kwa kuwa ndani yake ile “mimi” ilionekana ikizaliwa, ikiwa na saa yake na sababu yake, na mwenye kuiona akiwa macho makavu kabisa.

Mafundisho yenyewe yanataja kichocheo kingine cha mtazamo sahihi kando ya tafakuri yenye hekima, nacho ni sauti ya mtu mwingine. Mtafute mtu aliyekutangulia katika njia hii na asiyevutwa na simulizi za ajabu. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, lipo hekalu la Kibudha ambalo asili yake ni Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon (sasa Sri Lanka), na Uganda kipo Kituo cha Wabudha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Mweleze mwalimu upande wa kushoto wa daftari kwanza.

Mwisho yatazame matamanio ya kurudia. Buddhaghosa, mfafanuzi wa karne ya 5, ameorodhesha mambo kumi yanayomjia mtu ambaye umaizi wake ni mchanga na ambayo mtu huyadhania kuwa ndiyo njia yenyewe: nuru, ujuzi mkali, furaha, utulivu, raha, imani iliyofurika, juhudi, uzingativu thabiti, usawa wa moyo, na la kumi, mvuto wa siri wa kuyapenda hayo tisa. Tazama kwamba hayo yanawajia hata wasioonja dawa yoyote, wanaoketi tu, na wao pia wanaonywa wasiyashike. Mvuto huo wa kumi ndio unaosema “mara moja tu tena, ili nione vizuri zaidi”. Usiupige vita na usiutii. Uandike upande wa kushoto: ulianza saa ngapi, ulikaa wapi mwilini, ulikuja baada ya jambo gani, na uliondoka lini.

Mpwa wangu alisharudi masomoni. Mwezi uliopita alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa lile daftari, bila maelezo yoyote. Ulikuwa umeandikwa: “Jumapili, saa moja na dakika kumi usiku. Baada ya kuzungumza na mama kwenye simu. Chini ya koo, kama kiu. Picha ya lile zulia. Nikaketi. Saa moja na nusu haipo.”